Pikapu ya kuchaji italala wapi?

Hotuba kwa wakulima, wafanyabiashara na madereva, mjini Nakuru

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, akina mama wa maziwa, madereva, mafundi wenzangu na vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuja Jumamosi asubuhi, saa ambazo soko linawasubiri. Sitawachelewesha kwa maneno ya utangulizi.

Wengi wenu mmeona kwenye simu matangazo ya pikapu zinazochajiwa kwa stima na bado zina tangi la petroli. Tangazo linasema lita moja inakupeleka kilomita 50. Mtu aliyezoea pikapu ya dizeli inayompa kilomita 10 au 11 kwa lita akisikia hivyo, anaanza kuhesabu shamba atakalouza. Nimekuja kuwaomba kabla hamjauza chochote mjibu maswali mawili: gari hilo litalala wapi usiku, na mchana litakwenda kilomita ngapi kabla halijarudi pale linapolala? Nikijua majibu hayo naweza kukwambia utatumia mafuta kiasi gani, hata kabla sijaliona gari lenyewe. Nisipoyajua, hiyo hamsini ya tangazo haina maana yoyote kwako.

Tuelewane kwanza ni gari gani. Haibridi nyingi mnazoziona mjini, zile ndogo kutoka Japani, hazichomekwi popote. Betri yake ni ndogo, na inajazwa na injini pamoja na breki. Hii ninayoizungumzia ina betri kubwa zaidi, ina tundu la kuchajia, na inaweza kusafiri kilomita kadhaa kwa stima tupu bila injini kunguruma. Betri ikipungua, injini inaingia kazini.

Australia wanaziuza kadhaa, na nchi ile ni ya kutazamwa kwa sababu wanaendesha upande wetu wa barabara na wanapenda pikapu kama sisi. Kuna BYD Shark 6, yenye injini ya petroli ya lita 1.5 na betri ya uniti 29.6, yaani kilowati-saa 29.6, zile zile uniti unazonunua kwa tokeni. Kuna Ford Ranger ya kuchaji, inayotengenezwa Silverton, Pretoria, hapo tu Afrika Kusini. Injini yake ni ya petroli lita 2.3 na betri ni uniti 11.8. Kuna pia GWM Cannon Alpha, injini lita 2.0 na betri ya uniti 37. Shark inatangazwa kwenda kilomita 100 kwa stima, Ranger 49, Cannon Alpha 115. Wekeni alama hapo, maana hizo zote ni namba za maabara.

Namba hizo zinatoka kwenye kipimo kinachoitwa NEDC. Ni kipimo cha zamani cha Ulaya. Gari linawekwa juu ya roli ndani ya nyumba, linaendeshwa dakika 20 hivi, umbali wa kilomita 11, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 34 kwa saa. Hakuna kilima, hakuna matope, hakuna gunia hata moja nyuma, hakuna feni ya baridi inayozunguka. Ulaya yenyewe iliachana nacho na kuchukua kipimo kikali zaidi kiitwacho WLTP.

Lakini mwendo wa pole si tatizo kubwa. Tatizo kubwa liko katika kukokotoa. Kwa gari la kuchaji, kipimo kile kinachukulia kwamba ukimaliza stima yako utaendesha kilomita 25 tu kwa mafuta, kisha utachomeka tena. Nawaomba mwenye kalamu aandike. Chukua pikapu inayokwenda kilomita 50 kwa stima, na stima ikiisha inatoa kilomita 11 kwa lita. Hizo kilomita 25 za mafuta zinahitaji lita 2 na robo hivi. Jumla umetembea kilomita 75. Gawanya, unapata kilomita 33 kwa lita. Si uongo, hesabu ni sahihi. Ila ni hesabu ya mtu anayetembea kilomita 75 na kuchomeka, kilomita 75 na kuchomeka.

Sasa pikapu hiyo hiyo iondoke Nakuru imejaa stima kwenda Kisumu, kilomita 180. Hamsini za kwanza ni za stima, 130 zilizobaki zinakula lita karibu 12. Umepata kilomita 15 kwa lita. Irudi Nakuru siku hiyo hiyo bila kuchajiwa Kisumu: kilomita 360, na 310 kati yake ni za petroli. Umeshuka hadi kilomita 13 kwa lita. Na hapo sijaweka mzigo wala mlima. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule, kutoka 33 hadi 13, na kilichobadilika ni umbali kati ya soketi na soketi.

Hili wenzetu wa Ulaya wameligundua kwa gharama kubwa. Tangu 2021 magari mapya kule yana kifaa kinachorekodi mafuta yaliyotumika kweli barabarani. Tume ya Ulaya ilipotoa takwimu mwaka 2024, magari ya petroli na dizeli yalionekana kuzidi namba za maabara kwa takriban asilimia 20. Ya kuchaji yalitoa hewa ya kaboni mara tatu na nusu ya namba za maabara. Mara tatu na nusu! Sababu yake waliieleza wazi: watu hawayachaji na hawayaendeshi kama kipimo kinavyodhani.

Kuna uchunguzi mwingine wa mwaka 2022, wa ICCT, taasisi ya utafiti wa usafiri, pamoja na taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, ambao naona unatugusa sisi zaidi. Waliwatenganisha wenye magari yao binafsi na madereva wa magari ya kampuni. Wenye magari yao walisafiri karibu nusu ya kilomita zao kwa stima. Wa kampuni, asilimia 11 hadi 15 tu. Magari yale yale! Tofauti ni nini? Dereva wa kampuni ana kadi ya mafuta. Akijaza tangi, tajiri analipa. Akichomeka nyumbani, tokeni ni za kwake, na mke anauliza kwa nini uniti zimeisha kabla ya Ijumaa.

Nasema haya nikiwa nimewaona hapa maafisa wa kaunti, watu wa mashirika, na mameneja wa mashamba ya maua. Nyinyi ndio mtakaokuwa wa kwanza kununua pikapu hizi, kwa sababu nyinyi ndio mnaonunua pikapu mpya. Mwananchi wa kawaida anasubiri lije la mkono wa pili. Basi mkinunua, msimpe dereva kadi ya mafuta peke yake. Wekeni soketi yenye mita yake pale ofisini gari linapoegeshwa, au mlipeni dereva uniti anazochaji nyumbani kama mnavyomlipa marupurupu ya safari. Msipofanya hivyo mtakuwa mmenunua pikapu ya petroli nzito, inayobeba betri ya kilo mia kadhaa kila siku bila kazi, halafu mwaka ukiisha mhasibu ataandika kwamba teknolojia hii haifai. Itakuwa imehukumiwa bila kutumiwa, na jambo hilo litaniuma sana.

Tuje kwenye pesa, na hapa nitatumia bei za mviringo ili tufuatane. Petroli shilingi 180 kwa lita, dizeli 170, uniti moja ya stima shilingi 30 pamoja na tozo zote. EPRA, mamlaka yetu ya nishati, inatangaza bei mpya za mafuta kila tarehe 14, kwa hiyo ukifika nyumbani weka za mwezi wako. Pikapu kubwa ya aina hii, katika barabara zetu, nakadiria inahitaji uniti 30 kutoka kwenye mita ili iende kilomita 100, nikihesabu na zile zinazopotea kama joto wakati wa kuchaji. Hiyo ni shilingi 9 kwa kilomita. Dizeli kwa kilomita 11 kwa lita ni shilingi 15 na nusu. Pikapu ya kuchaji iliyoishiwa stima, ikitoa kilomita 11 kwa lita ya petroli, ni shilingi 16 na zaidi.

Tazameni vizuri hizo namba tatu. Kwa stima unaokoa shilingi sita na nusu kila kilomita ukilinganisha na dizeli. Bila stima unapoteza karibu shilingi moja kila kilomita. Mkulima wa Njoro anayeshuka mjini na maziwa, akarudi, akaenda kwa daktari wa mifugo, akarudi, tuseme kilomita 60 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anaokoa shilingi elfu kumi hivi kila mwezi. Ni pesa nzuri, ni karo ya mtoto. Lakini ikiwa pikapu hiyo imeizidi ya dizeli bei kwa shilingi milioni moja, atahitaji zaidi ya miaka minane kuirudisha hiyo tofauti kwa mafuta peke yake. Anayewaambia gari litajilipa kwa mwaka mmoja, mwombeni aandike hesabu yake mbele yenu.

Na kuna jambo la tokeni ambalo wauzaji hawaligusi. Kilomita zile 60 za kila siku zinakula karibu uniti 470 kwa mwezi. Nyumba nyingi zetu zinatumia chini ya uniti 100. Kenya Power wana ngazi: hadi uniti 30 bei ni ya chini, hadi 100 ni ya kati, ukipita 100 uko bei ya juu. Ukianza kuchaji pikapu kwa mita ya nyumba, hata taa yako na redio yako zinapanda ngazi. Kwa hiyo usihesabu bei unayolipa leo, hesabu ile ya juu. Ndiyo maana mimi nimeweka 30.

Dawa ipo. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya stima kwa ajili ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 usiku wakati matumizi ya nchi yako chini, kabla ya tozo na kodi. Inahitaji mita yake peke yake. Kwa mtu mmoja inaweza kuwa usumbufu, lakini ushirika wa maziwa wenye pikapu nne au tano unaweza kuomba mita moja ya namna hiyo pale kwenye kituo cha kukusanyia. Jamani, sisi watu wa Nakuru tunakaa juu ya stima hii. Olkaria, inakozalishwa stima kwa mvuke wa ardhini, iko katika kaunti yetu, Menengai inachemka hapo nyuma ya mji na kituo cha kwanza cha megawati 35 kilianza kazi 2023. Usiku watu wakilala, mvuke mwingine unaachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia, wakati dizeli tunaagiza kwa dola kutoka Ghuba. Mimi ningependa kuona maziwa ya Bahati na Rongai yakifika mjini kwa mvuke huo.

Na wenye sola wasikilize hapa. Watu husema sola haifai kwa gari kwa sababu gari mchana liko barabarani. Ni kweli kwa mwalimu na karani. Mwenye maziwa ni tofauti: anaondoka alfajiri, saa nne amerudi, na pikapu inakaa uani hadi jioni, jua kali likiwaka. Paneli za kilowati nne, siku ya jua zuri, zinaweza kutoa uniti 16 hadi 20. Hizo ni karibu zile zile uniti 18 za kilomita 60. Huyo ndiye mtu ambaye pikapu hii ilimtafuta.

Sasa barabara yetu ya Kisumu. Nakuru iko mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Mau Summit ni karibu 2,500, Kisumu ni 1,130 hivi. Yaani unapanda mita 650, kisha unashuka mita 1,370. Pikapu ya kuchaji ni nzito. Shark tupu ina zaidi ya tani mbili na nusu. Ikiwa na mzigo tuseme tani 3.2. Kuinua uzito huo kutoka Nakuru hadi Mau Summit kunahitaji karibu uniti 6, kuinua tu, kabla hujahesabu upepo na matairi. Kwa Ranger hiyo ni nusu ya betri yote. Kwa hiyo ukitoka Nakuru na kilomita 49 zimeandikwa kwenye dashibodi, usishangae zikiyeyuka kabla ya Sachangwan.

Kuteremka kuna faida yake. Mota ikigeuzwa na magurudumu inakuwa jenereta na inarudisha stima kwenye betri. Kutoka Mau Summit hadi ziwani, mlima umekuwekea uniti 12 kwa uzito ule. Nyingi zitaliwa na upepo na matairi, lakini hata ukiokoa theluthi, uniti 4, hizo ni kilomita 15 hivi za kuzunguka Kibuye na Dunga bila kuwasha injini. Ila betri iwe na nafasi ya kupokea. Magari haya yana kitufe cha kuamuru injini ijaze betri unapoendesha. Dereva akikibonyeza kuanzia Salgaa ili afike kileleni amejaza, amechoma petroli kupanda na betri iliyojaa, halafu anashuka Londiani na Kericho stima haina pa kwenda, anatumia breki za kawaida hadi zinanuka. Fika kileleni betri ikiwa chini. Mlima wa kushuka utaijaza bure.

Wakazi wa Molo, kwenu ni kinyume. Gari linalala kwenu juu, asubuhi linashuka kuja Nakuru. Usichaji hadi mia kwa mia, acha nafasi ya uniti mbili tatu. Na naomba nilisisitize hili mbele ya madereva wote: pale Sachangwan kwenda Salgaa, ambapo tumezika watu wetu wengi kwa sababu ya malori yaliyoachiliwa gia huru, pikapu ya stima ukiiweka gia huru inaacha kujivuta kwa mota. Unabaki na breki peke yake na tani tatu nyuma yako. Iache kwenye gia, ile ya kushuka taratibu, wakati wote.

Nije kwenye mzigo, kwa sababu pikapu si gari la kutembelea. Viazi vyetu sheria inasema gunia ni kilo 50. Pikapu ya dizeli ya tani moja, toa kilo 150 za dereva na mpakiaji, unabaki na 850: magunia 17. Shark inaruhusiwa kilo 790 pamoja na watu. Toa 150, unabaki na 640: magunia 12. Cannon Alpha ni kilo 685, kwa hiyo magunia 10. Betri imekula nafasi ya viazi. Ranger iko karibu zaidi na dizeli. Matoleo yake ya kazi yanapita kilo 900 kwa kuwa betri ni ndogo. Kuvuta trela, Ranger na Cannon Alpha zinaruhusiwa kilo 3,500, Shark 2,500. Najua wengine mnasema moyoni, sisi tunapakia magunia 25 na linaenda. Litaenda. Lakini springi za gari hili zimeshajibebea betri tangu kiwandani, na betri yenyewe iko chini ya sakafu. Ukilalisha gari kwenye matuta ya Olenguruone, unachokigonga si eksozi.

Ukiwa mfanyabiashara wa viazi anayelipwa kwa gunia, magunia matano pungufu kila safari yanameza akiba yako yote ya stima. Baki na dizeli yako, na usione haya.

Matope niyapitie haraka. Ranger imebaki na gia ya nguvu ya kupunguza mwendo na kufuli ya difu ya nyuma, inayofanya magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja, vile vile kama ya dizeli. Cannon Alpha pia ina gia hiyo. Shark haina, magurudumu yake ya nyuma yanasukumwa na mota tu, hakuna shafti kutoka mbele. Barabara yenye unyevu wa kawaida itapita vizuri sana, mota zina nguvu za papo hapo. Lakini mtu wa Kuresoi mwezi wa Aprili, au wa udongo mweusi wa Kano mvua ikinyesha wiki nzima, ajaribu kwanza kwenye tope la kwake. Na maji ya Nyando yakipita barabara, ngoja yashuke, kama ambavyo ungengoja na gari lolote.

Mama aliyekaa safu ya pili aliniuliza kabla hatujaanza: stima yenyewe inapotea siku mbili, nitachaji na nini? Mama, kwanza petroli ipo, hutakwama; hilo ndilo linaloitofautisha na gari la stima tupu, na kwa barabara ambayo vituo vya kuchaji bado vichache ni jambo kubwa. Lakini nataka uligeuze swali. Siku hizo mbili stima ikipotea, pikapu ndiyo itakayokuchajia wewe. Shark ina soketi zinazotoa hadi kilowati 6.6, Ranger hadi 6.9. Mashine ya kukatia nyasi yenye mota ya nguvu-farasi 3 inahitaji kilowati 2.2. Pampu ya kilowati moja na nusu ikifanya kazi saa tano inakula uniti 7 na nusu. Friji ya maziwa itaendelea kupoza, na maziwa ya jioni hayataganda kabla ya gari la asubuhi. Betri ikishuka, injini inawaka na kuijaza. Fundi wa kuchomelea anaweza kwenda kwenye geti la mteja bila kukodi jenereta.

Mimi naamini kwa mkulima wa huku faida hii inazidi ile ya mafuta, na ndiyo inayoweza kuziba ile milioni moja niliyoitaja. Ukiwa na jenereta uliyopanga kununua, bei yake iondoe kwenye tofauti. Maziwa uliyomwaga mwaka jana kwa sababu ya giza, yahesabu pia.

Masharti mawili tu. Mota yoyote inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa hiyo usitegemee kuwasha mashine ya posho ya nguvu-farasi 15, haitakubali. La pili ni la uhai: usichukue waya wenye plagi pande zote mbili ukaingiza stima ya gari kwenye soketi ya nyumba. Stima hiyo inatoka nje hadi kwenye nguzo, na kule juu kuna kijana wa Kenya Power anayetengeneza laini akijua imekufa. Fundi mwenye leseni akuwekee swichi ya kubadilisha, ambayo inakata nyumba na laini kabla ya kuingiza gari.

Na waya wa kuchajia, ni hivyo hivyo. Soketi ya kawaida ya ampea 13 itatoa kilowati mbili na kidogo usiku kucha. Ranger itajaa kwa saa tano au sita, Shark itahitaji saa kumi na tatu au kumi na nne. Kwa Ranger inatosha, hata kama imerudi saa mbili usiku; Shark iliyoishiwa kabisa haitajaa kufikia alfajiri. Lakini ni saa nyingi za mkondo mkubwa bila kupumzika, na soketi zetu nyingi zilizoea pasi ya dakika kumi. Usitumie ekstensheni ya sokoni. Vuta waya mnene kutoka kwenye kibao cha fyuzi moja kwa moja, uweke na ardhi ya kweli, chuma kilichozama udongoni. Ranger haina tundu la chaji ya haraka kabisa, kwa hiyo hata kituo cha haraka kikijengwa Kericho kesho hakitaisaidia. Shark inalo.

Vijana wanaofikiria za mkono wa pili kutoka Japani: pikapu za kuchaji hamtazipata kule kwa sasa, mtapata Mitsubishi Outlander ya kuchaji, ambayo si pikapu. Sheria yetu inakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini hata lililo ndani ya umri huo betri yake inaweza kuwa imechakaa kiasi. Omba hali ya betri iandikwe kwenye karatasi kabla hujatuma pesa. Soketi zake za ndani ni za volti 100, za Japani. Chombo chako cha volti 240 hakitafanya kazi pale.

Mafundi wenzangu, nyaya za rangi ya machungwa chini ya gari hizi zina volti mamia. Usikate, usipime kwa taa ya majaribio, usifue kwa presha pale kwenye tundu. Tukasome kwanza. Injini bado ni injini, oili inamwagwa na plagi zinabadilishwa, kazi hamtakosa.

Kwa hiyo ninachowaomba kufanya kuanzia Jumatatu ni hiki, na hakina gharama. Chukua daftari uliache garini. Kila jioni andika kilomita za siku hiyo, mzigo uliobeba, na mahali gari lililala. Jaza tangi pampu ile ile hadi ijikate, uandike lita. Fanya mwezi mzima, ukijumuisha wiki ya mvua. Kisha hesabu ni siku ngapi ulikuwa chini ya kilomita 60 na gari likalala karibu na soketi yako mwenyewe. Zikiwa siku nne kati ya tano, njoo tuzungumze kuhusu pikapu ya kuchaji na tutafute mita ya bei ya magari. Zikiwa siku moja kati ya tano, kwa sababu wewe ni mtu wa kupeleka samaki kutoka Kisumu hadi Nakuru na kurudi, hiyo daftari imekuokolea milioni.

Daftari zenyewe mwenyekiti amekubali zigawiwe pale mlangoni. Wenye maswali ya nyaya na mita, fundi wa stima mwenye leseni yuko hapa nami hadi saa saba. Mama wa safu ya pili, njoo na jina la mashine yako ya kukatia nyasi tuangalie kibandiko chake pamoja.